Kisigino

Nilimbebea Mulusa nyaya miaka miwili,
ngazi thelathini na moja juu ya duka la vipuri, Barabara ya Kirinyaga,
nikidhani nasomea nyimbo.
Kumbe nilikuwa nasomea viatu.

"Uso usiuamini," aliniambia. "Uso umelipa kiingilio,
lazima ufurahi. Tazama kisigino."
Na kweli, yule karani wa mahakama, meza ya pembeni,
uso mkavu kama stakabadhi,
kisigino chake kilishaanza kuungama
tangu gitaa la pili la benga lilipoingia.

Saa nne ukumbi bado baridi.
Mimi ningeuwasha kwa petroli.
Yeye aliweka rumba kuukuu, ya polepole,
kama mtu anayebandika maharagwe
akijua wageni watafika usiku wa manane.
Wakampigia kelele: Weka ile! Ile ya redioni!
Akaitikia kwa kichwa, akatabasamu,
akaweka nyingine.
Ombi ni deni, alisema,
ila madeni hayalipwi yote siku ya mshahara.

Kisha usiku mmoja wa Aprili, saa saba kasoro,
stima ikapotea.
Giza, jasho, watu hamsini wameganda na glasi mkononi,
na mvua juu ya mabati ikipiga kayamba.
Jenereta ilipokohoa nikamsogezea ile ya redioni:
Sasa! Sasa hivi!
Hakuigusa.
Alikuwa anaisikiliza mvua.
Akaihesabu kwa kidole ukingoni mwa meza,
akapekua hadi chini kabisa ya kreti,
akatoa ohangla isiyo na jalada, imekwaruzwa upande mmoja,
akaipenyeza ndani ya mvua
kama anayepokea mtoto aliyelala
kutoka mikononi mwa mwenzake.

Hakuna aliyejua muziki ulianzia wapi.
Taa zilirudi baadaye sana, zikatukuta tunacheza.
Karani alikuwa juu ya kiti, kiatu kimoja hakionekani.

Siku hizi niko Roysambu. Kreti sina,
nyimbo elfu tisa zimo kwenye kitu kidogo kuliko kiberiti,
na kijana anayenibebea nyaya haelewi
kwa nini ile wanayoililia
kidole changu kiko juu yake tangu saa tatu
na sijabonyeza.

Nimemwambia anyamaze kidogo.
Pale mlangoni kuna mama wa makamo, koti hajalivua,
mkoba kaukumbatia.
Mguu wa kushoto.
Ngoja.