Kilo Arobaini

Shairi hili halina mizani, nisameheni.
Mizani iko nje, imelala barabarani kama chatu aliyeshiba,
na mimi ndiye karani wake, mwaka wa kumi na moja sasa,
Busia, upande huu wa geti,
kalamu ya buluu, daftari la kurasa mia mbili.

Lori la wimbi. Tani kumi na nne, kilo mia mbili na themanini.
Pita.
Lori la mayai. Pita, polepole.
Sikuwahi kuandika uongo.

Mita mia tatu ng'ambo, masafa anayoyamaliza kuku akidonoa,
kulikuwa na mizani nyingine na karani mwingine,
Taaka Egessa, kalamu nyekundu.
Naye hakuwahi kuandika uongo.
Tulikutana matangani tu,
maana bibi yake na bibi yangu walizaliwa boma moja
kabla mtu hajaja na kamba kupima pa kukata.
Tukasalimiana Kisamia, tukala, tukaagana.
Hakuna aliyemuuliza mwenzake:
lile lori la wimbi la Jumanne,
kwako lilikuwa na kilo ngapi?

Kuuliza rasmi kulikuwa hivi:
barua yangu ipande basi hadi Nairobi,
ipigwe muhuri, ikae, ipigwe mwingine,
ivuke hadi Kampala, ikae tena,
ishuke Tororo, imfikie Taaka imekwisha kuzeeka,
ilhali dirisha lake naliona kutoka langu
na akikohoa namsikia.

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini.
Hawakusema zinahesabiwaje
mwizi akivuka geti siku ya thelathini na tisa
na huku tukaanza upya: moja.

Kisha tukahamishiwa ukumbi mmoja.
Wakubwa wa pande zote mbili wakakata utepe,
wakala keki, wakaondoka.
Sisi tukabaki na meza yenye mguu mfupi.
Usiku mmoja wa mvua umeme ukakatika,
Taaka akasogeza daftari lake kando ya langu
ili tugawane tochi ya simu.
Hivyo tu. Usitafute ushujaa hapo.
Kidole chake kikasimama.
Jumanne, wimbi: kwake mia tatu na ishirini.
Kwangu mia mbili na themanini.
Jumanne ya nyuma yake, vilevile.
Kilo arobaini, mara kumi na saba,
ndani ya mita mia tatu.

Wimbi halivuji hivyo.
Kuna unga usiosongwa ugali.
Wabwire, mtoto wa kaka yangu,
aliyekuwa akifumbua hesabu bila karatasi,
analala Kisumu nyuma ya vibanda vya Kibuye,
mkono umevimba kama boga,
ananiita shangazi siku akinikumbuka.
Kumbe kilichomla hakikupita kwenye mizani yangu.
Kilipita kati ya daftari na daftari.

Jumanne iliyofuata askari wao walitangulia, wetu wakafuata,
na mbwa kutoka Tororo, jina lake Karanga,
asiye na pasipoti,
akavuka mstari mara sita bila kuulizwa,
akaketi penye mdomo wa mtaro.
Ndani, gunia, na baiskeli, na Oundo,
Oundo yuleyule anayemletea mama sukari,
akilia, akisema alilipwa mia tano na soda.
Mwenye lori hatujamwona.
Inasemekana ana jina tofauti kila upande wa geti.

Tunaandika.
Buluu yangu imeisha, natumia nyekundu ya Taaka.
Tumechora safu mpya kwa rula ya mwanawe,
juu yake tumeandika: Tofauti.
Leo asubuhi sufuri.
Sufuri.
Sufuri, lori la ndizi, dereva anapiga mluzi.
Kilo thelathini na nane.
Taaka ananyanyua kichwa.
Nami nimekwisha kusimama.