Andika: Wengi

Bwana Kilonzi alishika vitabu vya hesabu miaka thelathini na mitatu,
saruji, sukari, malipo ya vibarua,
na haikumpotea hata senti.
Sasa kastaafu. Watoto wamemchangia likizo,
siku nne Malindi, yeye na mkewe Bi Mbithe,
na mimi, Nyevu wa Fondo, nikapewa kuwaonyesha ndege.

Alfajiri tulivuka vilima vya mchanga, viatu mkononi.
Mdomo wa Sabaki ulikuwa umekupwa,
tope limelala wazi, rangi ya chai ya maziwa.
Akalichovya kidole, akanusa.
"Hili ni la kwetu Machakos.
Mvua ya Novemba ililibeba kutoka shambani kwangu.
Limefika pwani kabla yangu, wala halikulipa nauli."

Kisha akatoa daftari, akapiga safu tatu kwa rula.

Heroe, mia nne na kumi na saba.
Wamesimama kwa mguu mmoja mmoja,
naye akauliza, bila mzaha,
kama ofisi yetu inahesabu vichwa au miguu.
Sululu, thelathini na wawili,
midomo imepinda kama sindano ya kushonea magunia.
Mwari, tisa.
Kumi: mmoja alijificha nyuma ya gogo,
na gogo lilipopiga mwayo tukajua ni kiboko.
Bi Mbithe alicheka hadi kofia ikamdondoka.

Lakini kitwitwi!
Kitwitwi hawana adabu ya daftari.
Wanalikimbiza wimbi, wimbi linawakimbiza,
shanga zilizokatika uzi,
huyu karuka, wale wametua, huyu umeshamhesabu au ni pacha wake?
Bwana Kilonzi alifika mia sita na nane
kozi akapita.

Ufuo mzima ukainuka.
Ukawa mweupe, ukawa kahawia, ukawa mweupe tena,
shuka moja inakung'utwa na mtu asiyeonekana,
ikatandikwa ng'ambo.

"Tuanze upya," alisema.
Tukaanza upya.
Tukaanza upya tena.

Sikumwambia kwamba sisi hukadiria:
unafumba jicho moja, unapima fungu la mia,
unalihamisha fungu hilo juu ya tope
kama kibaba juu ya mchele.
Wala sikumwambia kwamba nilipokuwa na miaka saba
nililinda mpunga wa mama kwa teo na debe bovu,
na hesabu yangu yote ilikuwa na majibu mawili:
wapo, hawapo.
Leo nalipwa ili wawepo.
Mama hajaelewa. "Mnawatazama tu? Kisha?"

Maji yakaanza kujaa, bila kelele,
yakatufika vifundoni, yakalamba pembe ya daftari.
Bwana Kilonzi akamgeukia mkewe
aliyekaa tangu asubuhi, miguu ndani ya tope.
"Wewe umepata wangapi?"
"Wangapi nini?"

Mlakaa mmoja akatua karibu nasi, mweusi kwa mweupe.
Akamkamata kaa, akamgonga chini mara mbili,
akammeza, miguu ya mwisho ikipunga.
Hakuna aliyemwandika.

Bwana Kilonzi akaifunga kalamu.
"Nyevu, mwanangu," alisema, "andika: wengi."
Neno lilimtoka kwa shida,
kama mtu anayesamehe deni.
Kisha akakunja suruali hadi magotini
na kuwaendea.
Hawakumngoja, bila shaka.

Usiku nilikaa na fomu ya ofisi.
Safu ya idadi ni nyembamba, inataka tarakimu.
Nikajaza heroe, nikajaza sululu, nikajaza mwari na yule wa nyuma ya gogo.
Penye kitwitwi nikaikalia kalamu.
Mama, jikoni, anakuna nazi.
"Leo walikuwepo?"
"Walikuwepo, mama."
Mbuzi ikaendelea kukwaruza.
Fomu inatakiwa Jumatatu.