Rudia Baada Yangu

Saa kumi alfajiri, Kirumba Mwaloni,
napara sato.
Sikio moja la hedifoni limekufa,
la pili linasema: wudi yu laiki samu raisi?
Narudia. Magamba yanarukia simu.
Samu supu? Samu supu.
Milembe wa dagaa anacheka:
huyo mzungu wako kila siku anakula,
analipa lini?

Somo la tisa: a yu hangri?
Sauti inanyamaza, inanipa nafasi.
Kisu kinabaki hewani.
Tangu tumzike Ng'wandu
hakuna aliyeniuliza kama nina njaa,
si kwa Kisukuma, si kwa Kiswahili.
Lakini kazi yangu kurudia, si kujibu.
A yu hangri, nasema polepole,
nimeligeukia ziwa,
na paka wa Milembe
ndiye anayejibu.