Mguu Mmoja Jikoni

Utu uzima dawa, walisema waliotutangulia.
Wangu umenijia na dawa saba,
kisanduku chenye vyumba vya Jumamosi hadi Ijumaa,
na kidonge kimoja cheupe, kidogo kama mbegu ya mchicha,
kikiniponyoka nakitafuta nusu saa
chini ya friji, kwa tochi ya simu.

Alfajiri, nikishasali, kabla jua la Al-Khoudh
halijaja kudai deni lake,
nateleka birika.
Nashika ukingo wa sinki.
Nanyanyua mguu wa kulia
nasimama kwa wa kushoto, wenye goti la kimkwe:
usipolibembeleza halikusemeshi siku nzima.

Nasib ameegemea mlango na bakora yake.
"Thuwaiba, umekuwa mlingoti?"
Ngoja maji yachemke, bwana wee.
Mpaka birika lipige mbinja
mguu haushuki.

Ni zoezi la Daktari Sunitha wa kituo cha afya.
Kiarabu chake kinachechemea, changu nacho kina lafudhi ya Pemba,
tukaelewana kwa vidole:
dakika huku, dakika kule, kila siku.
"Mama," akasema, "usianguke tu."
Nikacheka kimoyomoyo. Mimi huyu,
niliyepandisha mtungi kichwani kutoka kisimani hadi kwetu Mtambwe,
asubuhi na jioni, mikono ikining'inia.
Wala hatukuita mazoezi.
Tuliita maji.

Kisha Ghaniya akaanguka.

Ghaniya wa Mabela, fundi wa sambusa,
aliyehiji mara mbili na kurudi anawasindikiza vijana.
Maji kidogo tu kwenye vigae vya bafuni,
hayajazi kikombe cha kahawa,
na nyonga ikalia kama ufito.
Nilimkuta hospitali anahesabu vitobo vya dari.
Akanivuta mkono, akaninong'oneza, mwanawe asisikie:
"Thuwaiba, si uzee ulioniangusha. Ni haya.
Walitaka kunitilia chuma cha kushikia mle bafuni,
nikakataa.
Nilisema, wageni wakiingia wataniona kizee."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi,
lakini ule niliubeba mpaka nyumbani, na ulikuwa mzito.
Usiku ule ule nikampigia Shafiqul, fundi wa Kibangali.
Akaja na mashine yake, akatoboa ukuta mara nne,
vumbi likajaa kwenye taulo, na Nasib akinung'unika juu ya gharama.
Sasa chuma kipo, kinang'aa kuliko bangili zangu za harusi.
Wageni wakija nawaonyesha
kabla sijawaonyesha wajukuu.

Jumatatu na Alhamisi tunakwenda kutembea ndani ya soko kubwa,
kwenye ubaridi, maduka yakiwa bado yameteremsha mapazia ya chuma.
Sisi na mabaibui yetu na raba nyeupe chini yake,
Rayya, Zuwena na mimi, mizunguko mitatu,
tukisengenya kwa Kiswahili
na masanamu ya dirishani yakitutazama,
membamba, hayana presha, hayana magoti,
hayana la kusengenya.
Halafu kahawa, na tende moja.
Moja, Rayya, nakuona!
Halwa naipungia mkono kutoka mbali
kama jamaa aliye ng'ambo ya barabara:
tunapendana, ila leo sivuki.

Ghaniya karudi nyumbani. Anatembea kwa kigari,
kutoka kitandani hadi dirishani, hatua kumi na nne;
ananipigia simu kunitajia idadi.
Juzi zilikuwa kumi na sita.

Na leo alfajiri, nikiwa nimeshaunyanyua mguu,
Nasib akaitundika bakora yake kwenye kitasa cha kabati,
akaja pembeni yangu, hakusema kitu.
Akaushika ukingo wa sinki.
Akanyanyua wake.

Watu wawili, miguu miwili, miaka mia na hamsini na kitu.
Birika linapiga mbinja,
maji yanamwagika kwenye jiko,
na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza
kushusha.