Nyumba Bila Ardhi

Karani auliza mali ya ndoa ni ipi.
Andika nyumba, namwambia.
Aandika nyumba, auliza namba ya ploti.
Ploti si yetu.

Ainua miwani. Hajatimiza mwezi Mombasa huyu,
hajui kwamba Majengo mtu aweza kuwa na kuta
asiwe na chini ya kuta:
vyumba sita ni vyetu, mabati, mlango wa mvule, choo cha uani,
na udongo ni wa watu tusiowajua sura,
twamjua tu Mzee Badi, mkusanyaji wao,
apitaye kila tarehe tano na kitabu cha risiti za rangi ya waridi.

Sasa nyumba kama hiyo, asema karani,
niiandike wapi?

Wakili wa Twalib amekuja na faili la buluu.
Ndani mna saruji, mifuko mia na arubaini,
nondo, kokoto, mabati geji thelathini,
na kila karatasi, Mheshimiwa Kadhi, ina jina la mteja wangu.

Kweli. Ina jina lake.
Nalikumbuka lile duka la Mwembe Tayari,
pesa za viazi karai nimezifunga pindoni mwa leso,
noti zanuka mafuta na bizari,
na muuzaji kauliza, niandike jina nani?
Nami, bibi arusi wa miezi saba,
nikasema, kwa haya na maringo kidogo,
andika la mume wangu.

Kikaango hakitoi risiti.
Kina shahidi mmoja, hili kovu la kifundo cha mkono,
nalo wakili asema halina tarehe.

Mahari ilikuwa elfu sitini. Kumi taslimu, hamsini deni.
Deni gani hilo, asema Twalib,
si nilimnunulia friza?
Kadhi amtazama kwa muda.
Hilo friza lilitajwa kwenye akdi?
La.
Basi ulitoa zawadi. Zawadi hailipi deni.

Nilitaka kucheka. Friza lenyewe
ndilo lililogandisha barafu za ukwaju
zilizonunua tairi za tuktuk yake.

Tuktuk. Hapo ndipo penye mwiba.
Mkopo ni wa Sacco, mdhamini ni mimi.
Talaka ilitoka kwa neno moja, jikoni, maji yakichemka,
lakini udhamini hautoki kwa neno.
Kila mwisho wa mwezi wanikata elfu nne na mia mbili
kwenye mshahara wa kufua mashuka ya hospitali,
naye yuwapita hapo nje, hodi hapigi,
amempakia nani sijui.
Eda nimeimaliza. Mkopo bado miezi kumi na tisa.

Matumizi ya Ummukheri tuliyavutania
kama watu wa Marikiti kwenye fungu la tangawizi:
elfu tatu, nane, nne na nusu.
Mwenyewe yuko benchi la nje, amumunya mabuyu,
midomo myekundu,
mlango haukufungwa vizuri.

Jumanne Mzee Badi alikuja, na si tarehe tano.
Hakuketi. Wenye ardhi wameuza, akasema,
mnunuzi ataka kuonana na mwenye nyumba.
Nikampigia Twalib, mara ya kwanza tangu Rajabu.
Akaja, akasimama hapo barazani, kwake, kwangu,
na kwa dakika kumi tukawa mke na mume tena,
vichwa viwili juu ya notisi moja.

Kisha Mzee Badi akafungua kile kitabu.
Kodi ya mwisho, mia sita.
Niandike jina nani?

Twalib akafungua mdomo.
Nikasema, nipe kalamu, Mzee, nitaandika mwenyewe.
Kalamu haikutoa wino.
Akaitikisa, akaipuliza, akaijaribu kiganjani, hola.
Nikaingia ndani kutafuta nyingine
kwenye droo ya cherehani,
huku namsikia Twalib kule nje, polepole, amwuliza
huyo mnunuzi ni nani, na je,
mawe yetu ameyahesabu?