Mchezo wa Nusu Milimita

Printa tatu zilizokufa nimezipasua sakafuni,
nikazitoa mota kama mtu atoaye samaki matumbo,
wino mweusi umenishika hadi vifundo vya mikono.
Mama apita na sinia, avuka, hasemi.
Juzi alikuta beringi ndani ya mchele.
Nimeiweka mimi, isiliwe na kutu,
maana hapa Tudor hewa yenyewe ina chumvi,
msumari uliolala mweupe huamka mwekundu.
Alisema tu: "Pilau ya chuma, Mwanamkasi,
tutailia na nini?"

Ndilo jina langu, Mwanamkasi, na bado sijui kukata.

Nina daftari la hesabu, la miraba.
Ukurasa wa kwanza: meza, futi mbili kwa tatu.
Wa pili nimeufuta mpaka umetoboka.
Wa tatu una mishale: huku na huku, mbele na nyuma, juu na chini,
mihimili mitatu, kila mmoja na mota yake,
na mota zote watumwa wa tarakimu.
Kwenye karatasi yaenda.
Kwenye karatasi hata mimi ni fundi.

Nimekwenda Shimanzi kwa Ndurya, mkereza vyuma,
nikamwonyesha skrubu ndefu niliyoinunua kwa kilo
kwa wauza chakavu wa Jomvu.
Akaishika nati, akaitikisa kushoto, kulia.
"Unasikia? Ina mchezo."
Nikacheka. Yeye hakucheka.
"Nusu milimita hapa, dada, ni herufi iliyolewa kule.
Ukisema nenda, itakwenda. Ukisema rudi,
itafikiri kwanza."

Baba alikata herufi miaka thelathini na moja,
mabango ya maduka ya Mwembe Tayari:
KINYOZI, DUKA LA DAWA, VITAMBAA JUMLA NA REJAREJA,
jigso na msasa, penseli sikioni.
Na S yake! Mtu angesimama kuitazama S ile
akasahau alilojia dukani.
Sasa mkono wake wa kulia una safari zake.
Chai humwagika kabla kikombe hakijafika.
Jigso imefungwa kitambaa, iko juu ya kabati,
wala hakuna aliyekataza kuishusha.

Yuwaketi mlangoni, yuwatazama mota zangu.
"Hiyo itakata peke yake?"
Peke yake, baba.
"Mkono hautetemeki?"
Nikaikumbuka nati ya Ndurya.
Hutetemeka, nikasema. Kila kitu hutetemeka.
Kazi ni kujua kwa kiasi gani.
Akanyamaza. Stima ikakatika,
feni ikazunguka kwa mazoea, ikasimama.
Gizani akauliza:
"Na ikikosa, yajua kuwa imekosa?"
Haijui. Itakosa kwa uhakika kabisa,
itautafuna ubao mzima ikitii.
"Basi," akasema, "usiiache peke yake."

Reli, bado. Mota ya kukatia, bado.
Bodi ya kuziongoza: mishahara miwili bila viatu.
Na linalonikera zaidi ni hili,
mashine ya kukata sawa yataka mbao zilizokatwa sawa,
na aliye nazo hana haja ya mashine.
Ya kwanza itazaliwa na msumeno wangu uliopinda,
nayo, Mungu akipenda, itanikatia vipande vya ya pili
vilivyonyooka kuliko mzazi wao.
Papo kwa papo kamba hukata jiwe.
Hawakusema kamba ngapi.

Usiku huu nimechora upya ubavu wa kushoto.
Nimeishusha jigso.
Baba ameshika mwisho mmoja wa rula, mimi mwingine,
rula yagonga ubao, tiki, tiki, tiki,
nami nangoja.
Kati ya tiki na tiki pana kimya kidogo.
Hapo ndipo naweka penseli.