Namba ya Mizani

Ufunguo wa tatu mwaka huu umezama kwenye matuta ya viazi.
Fundi wa Uyole amepiga goti mlangoni,
anachokonoa kitasa kama daktari wa meno,
kisha ananitazama kwa huruma:
"Dada, siku hizi kuna vya kubonyeza."

Jumamosi nikamchukua mama, tukaenda Mwanjelwa.
Sanga akatupangia vitasa vinne juu ya meza,
akavipapasa kama muuza vifaranga.
Hiki cha kadi. Nikaona kadi ni ufunguo uliopigwa pasi,
itazama vilevile.
Hiki cha simu: wewe uko Dodoma, mgeni yuko Mbeya,
unamfungulia hukohuko.
Mama akauliza, "Na mzigo atampokea nani?"
Sanga akakirudisha kwenye boksi.

Hiki cha kidole. Hiki ndicho nilichotoka nacho nyumbani moyoni.
Nikaweka changu, kikaimba, kikawaka kijani.
Mama akaweka gumba. Nyekundu.
Akalifuta kwenye kitenge, akaweka tena. Nyekundu.
La kushoto. Nyekundu.
Cha shahada, cha kati, cha pete, mpaka kile kidogo,
tukawa kama watu wanaomhesabia mtoto mchanga vidole
na kukuta vimepungua.
"Hata kwenye kitambulisho walihangaika," akasema,
bila aibu, kama anayetaja hali ya hewa.
"Chai ilikula."

Miaka thelathini na moja Rungwe,
majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi,
umande, utomvu, ukungu usiopanda wala kushuka,
na kila jani likiondoka na kamstari kamoja ka ngozi yake.
Sisi tulivaa sare, tukalipiwa ada.
Vidole vyake vilinywewa mezani
na watu nisiowajua, kwa sukari vijiko viwili.

Nikanunua cha namba.
Bei siitaji hapa, mume wangu anasoma.
Kinakula betri nne; umeme ukikatika hakina habari.

Usiku nikamwambia mama achague tarakimu nne,
isiwe mwaka wa kuzaliwa, wezi huanzia hapo.
Hakufikiri.
"Nne, moja, sifuri, saba."

Ndivyo karani alivyomwita pale mizanini.
Hakuwa Tumpe, hakuwa mama wa mtu;
alikuwa nne-moja-sifuri-saba, kilo kumi na nane,
sogea, anayefuata.
Nikasita. Nilitaka kumwambia kuwa ile haikuwa jina.
Akaniwahi:
"Miaka yote ile haikunifungulia kitu.
Acha ianze."

Mwezi wa saba, baridi ya kukata masikio,
narudi kazini nakuta mlango umefungwa vizuri
na ndani kunanukia tangawizi.
Mama bado yuko kanisani.
Jikoni amekaa bibi nisiyemjua, kapu la ndizi miguuni,
cheti cha Rufaa kimekunjwa ndani ya leso.
"Mimi Subilaga," anasema, akinimiminia chai kwenye kikombe changu.
"Kwenye foleni nilikuwa nyuma ya mama yako, nne-moja-sifuri-nane.
Nimekuja kupima macho.
Nilipiga hodi mpaka koo likakauka.
Nikaona vibonye, nikajisemea,
Tumpe atakuwa ameweka nini kingine?"

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Siri ya mlango wangu inaijua foleni nzima.

Kile kijitabu cha maelekezo, ukurasa wa sita,
kinaeleza namna ya kubadili namba; ni kazi ya dakika mbili.
Mume wangu amekisoma mara ya pili kwa sauti.
Mimi nimekiwekea sufuria juu.
Nasikia nne-moja-sifuri-tisa mguu unamsumbua,
atapanda gari Alhamisi,
na hana simu.